Je wajua kwanini "water" hapa ni noun, pale ni verb?

Mtoto wa P.4 (darasa la nne) anarudi na daftari la Inglishi, kaandika "water" ni noun, yaani jina la kitu, na mwalimu kampa tiki, namba inayofuata sentensi ni "Water the flowers every evening", naye akaandika noun tena, hapo kapigwa X, kwasababu hapo ni verb, yaani tendo la kumwagilia. Mzazi anaangalia anasema huyu mwalimu vipi, neno si lile lile? Na kweli ni lile lile. Ila kumuuliza mtu "water" ni neno la aina gani bila kumpa sentensi ni kumwonea tu, maana kwa Kiingereza jibu halimo ndani ya neno, limo pale lilipokaa.

Sisi hatujazoea mambo hayo. Kwetu neno linakuja limeshavaa yunifomu ya kazi yake. Ukisikia "soma" ni kitenzi, "msomaji" ni mtu, "somo" ni kitu. Mganda naye ana okusoma, omusomi, essomo, yaani mchezo ule ule. Huhitaji hata kuona sentensi.

Sasa kumbe Kiingereza nacho kilikuwa hivyo zamani! Miaka kama elfu moja iliyopita, upendo kama kitu walisema "lufu", na kupenda walisema "lufian". Hakuna mtu angechanganya. Tatizo ni kwamba wale jamaa walikuwa wanakazia sauti mwanzo wa neno, mwisho unamezwa, na ukimeza mwisho wa neno kizazi baada ya kizazi utafika siku haupo tena. Halafu kuanzia karne ya 9 Waviking, mabaharia kutoka Skandinavia, wakahamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza, lugha yao ilifanana na ya wenyeji kwenye mizizi ila miisho ilikuwa tofauti, kwahiyo mkitaka kuelewana sokoni mnashika mzizi tu, mwisho mnauachia. Mwaka 1066 wakaja Wanormani kutoka Ufaransa, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa, Kiingereza kikabaki cha watu wa kawaida bila mtu wa kukichunga. Kufika mwaka 1500 hivi lufu na lufian zote zimekuwa "love". Kitu ni love, tendo ni love.

Miisho ikishaondoka kazi yake lazima ifanywe na kitu kingine, na kitu hicho ni mpangilio. Jaribu hii: "Mtoto amekichukua kitabu", "Kitabu mtoto amekichukua", "Amekichukua mtoto kitabu". Zote tunaelewa nani kachukua nini, kwasababu a- ni ya mtoto na -ki- ni ya kitabu, hata uzirushe vipi. Haya fanya hivyo kwa Kiingereza, "The child took the book", geuza uone: "The book took the child". Kitabu kimeondoka na mtoto wa watu!

Ndo maana pia "mobile money agent" inasomwa kutoka nyuma. Neno la mwisho ndilo lenye mali, ni agent, hayo mawili ya mbele yanamweleza ni agent wa nini. Sisi tunaanza na wakala halafu tunafunga na "wa". Mtoto akisema "bus school" akimaanisha basi la shule si kwamba ni mzito kichwani, kaleta mpangilio wa nyumbani.

Maneno machache bado yana yunifomu. Zile kuta za Kampala zilizopakwa rangi "This land is not for sale", ukiona ukuta umeandikwa "not for sell" jua fundi kakosea hapo, maana baada ya "for" panakaa noun, na noun ya sell ni sale. Advise na advice hivyo hivyo.

Kuhusu idadi, kwanini kitabu kimoja kinasema aina za maneno ni nane kingine tisa, usigombane na mtu. Hiyo nane imetoka kwa Wagiriki wa kale, kwenye sarufi inayotajwa kuwa ya Dionysius Thrax, karibu miaka 100 kabla ya Kristo. Warumi walipoichukua wakakuta Kilatini hakina "the", wakaitoa, wakaingiza vihisishi kama "ah!" ili nane ibaki nane. Waingereza wakarithi. Wanaohesabu "a" na "the" peke yake wanapata tisa, wengine wanaziweka kwa adjective (vivumishi). Basi.

Sasa ile s ya "he goes" inayowatesa watu mpaka chuo kikuu. Hiyo ni baki la miisho ya zamani. Kila nafsi (mimi, wewe, yeye) ilikuwa na mwisho wake, Biblia ya Kiingereza ya 1611 bado ina "goest" na "goeth". Hiyo -s ilitoka kaskazini mwa Uingereza ikaishinda -eth, mingine ikafa, ikabaki yeye peke yake kwa he, she na it. Na kitenzi na msaidizi wake wanapata moja tu, kwahiyo "does" akishaichukua, "go" anabaki mtupu: "Does he go?", siyo "Does he goes?"

Mbona basi hatusemi "he cans"? Kwasababu can, may na must zamani zilikuwa maumbo ya wakati uliopita, na wakati uliopita haukuwa na mwisho huo. Ila ukimkuta mtu kaandika "She cans fish" usimpige X haraka. Hapo can ni kopo limegeuzwa kitenzi, mama anasindika samaki kwenye makopo, na s yake inamhusu kabisa.