Mgonjwa wa uchovu sugu na haki ya kuuliza: mlipima nini, na kwa nani?

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa miaka mingi utafiti wa ugonjwa wa uchovu sugu, unaofupishwa ME/CFS, ulikwenda kwa mtindo huo huo. Mgonjwa alijaza hojaji, akashukuriwa, kisha matokeo akaja kuyasoma gazetini kama mpita njia. Kazi yangu ni kufundisha namna ya kusoma tafiti za tiba, na baadhi ya mifano mizuri ninayopeleka darasani imetoka kwa wagonjwa hawa. Wapo kati yao ambao wakisoma ukurasa mmoja hulazimika kulala kabla ya kufungua wa pili.

Ugonjwa wenyewe si uchovu wa mtu aliyekesha. Alama yake kuu ni kuzorota baada ya kujitahidi. Mtu anaoga, au anakaa na mgeni nusu saa, na siku hiyo anaonekana yuko sawa. Kesho yake au keshokutwa hawezi kuinua kichwa, na hali hiyo inaweza kudumu siku kadhaa, hata wiki. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti iliyoifanya dalili hii kuwa sharti la utambuzi. Kabla ya hapo, tafiti nyingi zilitumia vigezo vya Oxford vya mwaka 1991, ambavyo vilihitaji uchovu mzito wa miezi 6 bila kudai dalili hiyo. Maana yake ni kwamba mtu mwenye sonona aliyechoka miezi 6 angeweza kuingia kundi moja na mtu asiyeweza kupanda ngazi bila kulala siku 3. Mazoezi yanaweza kumsaidia wa kwanza. Wastani ukishapigwa, wa pili ndiye anayeambiwa kwamba sayansi imethibitisha mazoezi ni dawa yake. Kwa hiyo swali la kwanza daima ni hili: waliochunguzwa ni akina nani, na mimi nimo?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nadhani ndiyo sababu wagonjwa walikuwa wa mwanzo kushtuka ilipotoka PACE, jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2011 katika jarida la The Lancet. Lilikuwa na washiriki 641 katika makundi 4. Taarifa zilizosambaa zilisema kwamba tiba ya kubadili fikra na tabia, pamoja na mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua, husaidia. Mwaka 2013 ikafuata makala nyingine iliyosema asilimia 22 ya waliopata tiba hizo walipona.

Hapa naomba msomaji asogee karibu, maana kiini chote kiko kwenye namba moja. Uwezo wa mwili ulipimwa kwa maswali 10: kukimbia, kubeba mizigo, kupanda ngazi, kuinama, kutembea, kuoga na kuvaa na kadhalika. Kila swali lina majibu 3. Ukiwa na shida kubwa unapata 0, shida kidogo 5, huna shida 10. Jumla ya juu ni 100, na vijana wengi wenye afya hukaribia hapo. Ili kuingia kwenye jaribio kama mgonjwa ulitakiwa uwe na alama 65 au chini. Mpango uliochapishwa mwaka 2007 ulisema aliyepona ni mwenye 85 au zaidi. Ripoti ya mwaka 2013 ikatumia 60.

Rudia kuzisoma namba hizo. Mtu aliingia na 65, akahesabiwa mgonjwa. Mwaka ukapita, swali moja alilojibu "shida kidogo" sasa analijibu "shida kubwa", na alama zimeshuka hadi 60. Kwa kipimo hicho amezorota, lakini amevuka kizingiti cha waliopona. Mwenye 60 anaweza kuwa mtu asiyeweza kukimbia kabisa, anayeshindwa ngazi za ghorofa kadhaa, anayeshindwa mwendo wa zaidi ya kilomita moja na nusu, na anayepata shida kidogo kubeba mizigo na kuinama. Asilimia 13 ya washiriki walikuwa tayari wamefikia kizingiti cha kupona katika kipimo cha uwezo wa mwili au cha uchovu siku walipoanza, kabla ya tiba yoyote. Namba 60 ilipatikana kwa kuchukua wastani wa watu wazima wote, wazee na wagonjwa wakiwemo, kisha kupunguza mchepuko wa kawaida, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo. Hesabu hiyo haifai pale ambapo wengi wamejazana karibu na 100 na wachache wako chini sana.

Waliogundua hayo walikuwa wagonjwa. Waliandika barua kwa majarida, moja baada ya nyingine, wakielezwa kwamba hawaelewi takwimu. Mgonjwa mmoja wa Australia aliomba data kwa sheria ya uhuru wa habari ya Uingereza. Chuo kikuu kilichokuwa na data kilikataa, na shauri likafika mbele ya baraza la rufaa, ambalo mwaka 2016 liliamuru data zisizo na majina zitolewe. Zilipochambuliwa kwa vigezo vya mpango wa awali, waliopona walikuwa asilimia 7 kwa tiba ya fikra na tabia, asilimia 4 kwa mazoezi, na asilimia 3 kwa waliopata huduma ya kawaida tu. Tofauti hizo haziwezi kutenganishwa na bahati.

Haki itendeke: watafiti wa PACE bado wanatetea kazi yao, na wanasema mabadiliko ya vigezo yalifanywa kabla ya kuchambua matokeo. Hata ukikubali hilo, linabaki tatizo lingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Kila mshiriki alijua tiba anayopata, na vipimo vikuu vilikuwa maoni yake mwenyewe. Ukimfundisha mtu miezi kadhaa kwamba dalili zake zisimtishe, kisha ukamwuliza dalili zikoje, jibu lake limebeba somo lako. Vipimo visivyotegemea maoni havikuimba wimbo huo. Baada ya mwaka, kundi la mazoezi lilitembea wastani wa mita 379 kwa dakika 6, ilhali mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hukaribia au kupita mita 600.

Mwaka 2021 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliondoa pendekezo la mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua, baada ya kuuona ushahidi wake kuwa wa ubora wa chini au wa chini sana.

Sasa upande ambao wagonjwa hawapendi kuusikia, na ambao nausisitiza kwa sababu nawajali. Kipimo ulichokitumia kwa utafiti uliokuumiza kitumie pia kwa ule unaokupa matumaini. Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha kwamba virusi vya XMRV vimepatikana kwa wagonjwa 68 kati ya 101. Furaha ilikuwa kubwa, na wapo walioanza kumeza ARV bila kusubiri. Ikabainika kuwa ni uchafuzi wa maabara, na makala ikafutwa mwaka 2011. Mwaka huo huo madaktari Fluge na Mella wa Norwei waliripoti kuwa dawa ya rituximab iliwasaidia wagonjwa 10 kati ya 15, dhidi ya 2 kati ya 15 waliopata plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kiambato cha kutibu. Hawakuishia hapo. Walifanya jaribio kubwa la watu 151, na mwaka 2019 wakatangaza wenyewe kwamba dawa haikushinda: asilimia 26 walipata nafuu kwa dawa, asilimia 35 kwa plasebo. Ujasiri wa kuchapisha matokeo hayo nauheshimu sana. Na tazama plasebo ilivyofanya kazi: asilimia 35. Ndiyo maana jaribio lisilo na kundi la kulinganisha, hata likiwa na ushuhuda wa kutoa machozi, halitoshi kumfanya mtu auze mali yake akatibiwe.

Kwa mwenye nguvu za dakika 10 tu kwa siku: acha muhtasari, nenda kwenye sehemu ya mbinu. Tafuta vigezo vya kuingia, kipimo kikuu, na kama kilibadilishwa njiani. Angalia waliojitoa walikuwa wangapi, na kama madhara yalihesabiwa. Tiba unayoitumia usiiache kwa sababu ya makala hii wala nyingine. Zungumza kwanza na daktari wako. Ukialikwa kushiriki utafiti, uliza jambo moja kabla ya kutia saini: hali yangu mtaipima siku ile ile ya zoezi, au mtanifuata pia siku ya pili na ya tatu?