Sanamu Isiyofanana na Kitu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Aliyechonga sanamu isiyofanana na chochote alishindwa kuchonga kinachofanana.

Ukweli: Hoja hii husikika sana kwenye vibanda vya vinyago mjini Arusha, pale mteja anapompita shetani, kinyago cha mpingo cha kiumbe wa ajabu mwenye jicho moja, na kumwuliza muuzaji kama hana twiga. Constantin Brancusi, mchongaji mzaliwa wa Romania aliyeishi Paris, ni ushahidi wa kinyume chake. Mwaka 1902, alipokuwa mwanafunzi mjini Bucharest, alikamilisha sanamu ya mwanamume aliyechunwa ngozi, kila msuli ukiwa mahali pake, ikafaa kufundishia wanafunzi wa udaktari. Kwa hiyo sanamu yake "Ndege Angani" ya mwaka 1923, isiyo na bawa wala miguu, haikutoka kwenye mkono usiojua kazi.

Dhana: Umbo la namna hiyo humjia msanii ghafla.

Ukweli: Ndege huyo alianza karibu mwaka 1910 akiitwa Maiastra, ndege wa hadithi za Kiromania, naye alikuwa bado na shingo, mdomo na kifua kilichotuna. Katika sanamu zilizofuata mwili ulirefuka, kichwa kikamezwa na shingo na miguu ikapungua kuwa kikonyo, hadi ukabaki mstari mmoja unaopanda. Hata hapo hakuridhika, kwani aliendelea kumrudia kwa marumaru na shaba mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Dhana: Huo ni mtindo wa Kizungu.

Ukweli: Mteja wetu amempa kisogo shetani, umbo la Kiafrika lisilofanana na kitu! Samaki Likankoa, Mmakonde anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, naye alianza kwa kuchonga binadamu wa kawaida.

Dhana: Umbo rahisi ni kazi rahisi.

Ukweli: Fundi yeyote wa mpingo atakuambia kwamba kosa la tupa hujificha kwenye mikunjo, lakini kwenye uso laini mkwaruzo mmoja huonekana toka mlangoni. Brancusi aling'arisha shaba ya "Ndege Angani" kwa mkono hadi ikaakisi chumba kizima, na pengine ulaini huo ndio uliowapotosha maofisa wa forodha wa New York, ambao mwaka 1926 waliihesabu sanamu hiyo kuwa bidhaa ya metali tu na kuidai ushuru wa asilimia 40. Kesi ilifunguliwa, na mwaka 1928 mahakama ikaamua kwamba ni kazi ya sanaa isiyostahili kutozwa ushuru.