Saa Saba Mchana Si Saa ya Picha ya Familia

Jumapili moja mwezi huu nilipigiwa simu na mama mmoja aliyenieleza kwa furaha kwamba familia yake yote, watu kumi na wanne pamoja na bibi, ingefika kwangu kupigwa picha saa saba mchana moja kwa moja kutoka kanisani. "Kaka, saa hiyo jua linawaka vizuri, picha zitatoka safi," alisema. Nilimwomba asogeze miadi hadi saa kumi na moja jioni, naye akadhani kwamba nina mteja mwingine anayenilipa zaidi. Maneno hayo ya jua linalowaka vizuri nimeyasikia hapa Dodoma mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuyajibu kwa maandishi, ili siku nyingine nimtumie mteja maelezo haya badala ya kubishana naye kwa simu.

Dhana yenyewe ni kwamba jua likiwa kali zaidi, picha huwa nzuri zaidi. Haikuzuka hivi hivi. Kamera za sanduku za zamani zilitumia filamu isiyo na wepesi wa kunasa mwanga na lenzi yenye tundu dogo, na ndiyo maana watumiaji wake walishauriwa kusimama wakilipa jua kisogo na kuwaacha wanaopigwa walitazame. Baadaye zikaja simu za bei nafuu, ambazo ndani ya nyumba hutoa picha zenye chengachenga, na watu wakahitimisha kwamba tiba ya picha mbaya ni jua. Kamera za leo hazihitaji msaada huo. Zinachohitaji ni mwanga unaomfikia mtu kutoka upande unaofaa, na hapo ndipo jua la saa saba linapoharibu kazi.

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu kabisa, na fimbo iliyosimamishwa wima hukosa kivuli. Hata mwezi Juni, jua linapokuwa limeelekea kaskazini kadiri liwezavyo, adhuhuri bado huwa nyuzi kama 60 juu ya upeo wa macho, na kwa sababu hiyo ushauri wa vitabu vya Ulaya kuhusu jua la mchana wa majira ya baridi hautufai. Zaidi ya hayo, saa zetu hufuata mstari wa longitudo ya 45, ulioko mashariki mwa nchi yetu, nasi tuko karibu na longitudo ya 36. Matokeo yake ni kwamba jua letu hufika kileleni baada ya saa sita, kwa wastani saa sita na dakika thelathini na saba, na mwezi Februari huwa karibu saa saba kasoro dakika kumi. Anayetoka kanisani na kunifikia saa saba anakuwa amenichagulia wakati mbaya kuliko yote.

Mwanga unapotoka utosini, mfupa wa nyusi hugeuka paa la nyumba na macho yakabaki gizani ndani yake. Pua huangusha kivuli juu ya mdomo, kipaji cha uso na mashavu hung'aa kwa jasho, na mikunjo ya bibi huonekana kana kwamba imechorwa kwa kalamu. Watoto hukunja nyuso kwa sababu mwanga unawaumiza, kisha mama yao huwagombeza kwa kutotabasamu. Watu wazima wengi huja na hofu ya "kutoka weusi" wakipigwa kivulini, na hofu hiyo nayo ina maelezo yake: kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, hukadiria eneo lote la picha, na mbele ya anga jeupe huzipunguzia nyuso mwanga. Kurekebisha hilo ni kazi ya mpigapicha, ambaye hupima mwanga wa uso na si wa mbingu, na asiyeweza kulifanya hapaswi kulipwa.

Kwa hiyo ninapomlazimisha mteja kusimama kivulini, simwonei. Hata hivyo si kila kivuli kinafaa. Mbuyu, ambao kila mgeni anautaka nyuma yake, hupukutisha majani kiangazi, na kivuli chake huwa kile cha shina tu. Chini ya mwarobaini mwanga hupenya kati ya majani na kumwaga madoa juu ya nyuso, ambayo hakuna njia ya kuyaondoa yote. Baraza lenye paa, au upande wa nyumba usiopigwa na jua lakini unaotazama uwanja ulio wazi, ndiyo studio ninayoipenda kuliko ile yenye taa zangu mwenyewe. Tena iangaliwe ardhi: udongo wetu mwekundu unapopigwa na jua hurudisha wekundu huo kwenye videvu na shati jeupe, na ndiyo maana hutandika shuka jeupe mbele ya miguu ya wateja, ingawa wapo wanaodhani ni ushirikina.

Bora kuliko vyote ni jioni. Jua la Dodoma huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta hushuka wima na kwa haraka, kiasi cha nyuzi 15 kwa saa, kisha giza hukamilika upesi. Mwanga mzuri hudumu kwa takriban saa moja. Familia inayoahidi saa kumi na moja na kufika saa kumi na mbili kwa sababu dada mkubwa alikuwa bado anasukwa imepoteza sehemu kubwa ya muda wake, wala siwezi kulirudisha jua. Wasiopenda jioni waje asubuhi, kabla ya saa mbili na nusu, wakati ambao vumbi nalo bado halijaamka.

Hapo ndipo wateja hunijibu kwamba kompyuta itatengeneza. Kompyuta hurekebisha rangi, hufuta chunusi na huinua kivuli kidogo. Lakini shati jeupe lililoungua pichani kwa jua kali halina tena taarifa yoyote ndani ya faili. Lililobaki ni weupe mtupu, na hakuna programu inayorejesha nyuzi za kitambaa ambazo kamera haikuziona. Programu mpya zinaweza kubuni nyuzi nyingine, lakini siku zinapobuni jicho la bibi, yule si bibi tena.

Mengine nitayagusa kwa ufupi. Si lazima familia nzima ivae sare. Vitenge vya rangi zinazopatana, bila maandishi makubwa kifuani, hutosha. Kamera kubwa pekee haileti picha nzuri, na simu ya kisasa kivulini huishinda kamera ya gharama juani. Mtoto wa miaka miwili hahitaji kuambiwa "cheka". Anahitaji kuwa amekula na kulala, na apigwe picha katika dakika kumi za mwanzo pamoja na bibi, ambaye naye aletewe kigoda chake. Katika kundi kubwa, usipoiona lenzi kwa macho yako yote mawili, nayo haikuoni. Wanaodai picha zote mia tatu nilizopiga wajue kwamba nyingi kati ya hizo ni za macho yaliyofumba, na siwapi.

La mwisho ni WhatsApp. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na mteja akiipeleka kusafishwa kwa ukubwa wa sentimita 30 kwa 40 hurudi kunilaumu kwa ukungu ambao sikuupiga. Ukubwa huo, kwa nukta 300 kwa kila inchi, unadai pikseli, yaani nukta zinazounda picha, takriban 3,500 kwa 4,700. Pokeeni faili kwenye flashi, au niombeni niitume kama hati, na muihifadhi mahali pawili kabla ya kuisambaza kwa mashangazi.