Kabla ya Kupima Shamba, Hesabu Walio Nyumbani

Kazi yangu ni ugani. Nakaa na wakulima wadogo, tunapanga msimu, tunaangalia kilichoharibika na cha kufanya. Maafisa wapya ninaofuatana nao wakifika kwa mkulima huanza na shamba: ekari ngapi, mbegu gani, mbolea kiasi gani. Mimi huwaomba waanze na kaya. Nani anaishi hapa, ana umri gani, nani anaumwa, nani yuko masomoni, nani yuko mjini na anatuma fedha. Mara nyingi majibu hayo yanaeleza hali ya shamba kuliko udongo wenyewe.

Kwa mkulima wa kijijini, nyumba na shamba ni kitu kimoja. Hajilipi mshahara, wala hamlipi mke wake au wanawe. Kilichovunwa kinaliwa, kinauzwa, kinalipa ada, kingine kinawekwa mbegu. Ukichukua kikokotoo ukahesabu kila siku ya kazi kwa ujira wa kibarua, aghalabu utapata hasara, kisha utashangaa kwa nini familia ile bado inalima.

Mchumi Mrusi, Alexander Chayanov, alilieleza jambo hili vizuri katika miaka ya 1920. Alisema kaya ya wakulima haiendeshwi kama kiwanda. Hupima mahitaji ya walio nyumbani kwa uzito wa kazi inayotakiwa kuyatimiza. Wanandoa wapya wanajilisha wawili na wote wanafanya kazi. Watoto wakizaliwa wakifuatana, walaji wanaongezeka na nguvukazi inabaki ileile, tena mama ana mtoto mgongoni. Hicho ndicho kipindi kizito kuliko vyote. Mzigo hupungua watoto wakubwa wanapoanza kusaidia, na baadaye wakiondoka kwenda kuanzisha nyumba zao, wazee hubaki na shamba lisilolingana na nguvu zao. Chayanov alikamatwa mwaka 1930 na kuuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1937, katika utawala wa Stalin. Jina lake lilisafishwa mwaka 1987. Naona bado anatufaa, ingawa aliitazama kaya kana kwamba wote ndani yake wana nia moja. Hapo simfuati.

Palizi ndiyo inayoonyesha mambo haya waziwazi. Mahindi yakishaota, wiki za tatu hadi za sita hivi ndizo za kuamua. Magugu yakiachwa wakati huo yanagombania maji, mwanga na rutuba na mmea ambao bado mchanga, na ukija kupalilia baadaye huwezi kurudisha kilichopotea. Kupanda kunaweza kusogezwa siku chache mvua ikichelewa. Palizi haingoji mtu.

Sasa tazama ghala wakati huo. Mavuno yaliyopita yanakwisha au yamekwisha, na mapya yako mbali. Kaya isiyo na akiba inatafuta chakula cha leo, na njia ya haraka ni kibarua. Kibarua kinachopatikana msimu huo ni kipi? Ni kupalilia shamba la mwenye uwezo. Kwa hiyo baba na mama wanatoka asubuhi kwenda kusafisha mahindi ya mtu mwingine, na siku zilezile magugu yanapanda katika yao. Mavuno yanakuwa haba, ghala linaisha mapema zaidi, na mwaka unaofuata kibarua kinaanza mapema zaidi. Nimesikia watu wengi, hata wenzangu wenye shahada, wakipita kando ya shamba kama hilo na kusema mwenyewe mvivu. Hakuna neno linaloniudhi kama hilo. Mtu huyo ameamka kabla yenu wote, ila nguvu yake imeuzwa.

Ndiyo maana ushauri wa kuongeza eneo au kununua mbegu bora hauna maana kwa kaya hiyo kama hatujauliza nani atapalilia. Mara nyingi jibu sahihi ni kulima eneo dogo linaloweza kupaliliwa kwa wakati, na kutafuta namna ya kuvusha ghala wiki chache zaidi: nafaka ikaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13, iwekwe kwenye mfuko au pipa lisilopitisha hewa ili wadudu wafe, na isiuzwe yote mara tu baada ya mavuno bei ikiwa chini.

Nikisema kaya haina nia moja, namaanisha hivi. Kuna zoezi tunalofanya mara kwa mara: mume na mke, kila mmoja peke yake, anapanga punje kuonyesha saa za siku yake. Punje za mume hufika mahali zikakatika: kapumzika, kaenda mkutanoni, kakaa na wenzake. Za mke zinaendelea: maji, kuni, jiko, shamba, mtoto, jiko tena, kufua. Punje hizo zinapowekwa sambamba, mume mara nyingi hunyamaza kidogo, halafu huanza kusogeza punje mwenyewe. Tukimletea familia hiyo zao jipya linalohitaji kupaliliwa mara tatu, lazima tujue linaingia katika siku ya nani.

Hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa zinaonyesha mashamba zaidi ya milioni 608 duniani, na zaidi ya asilimia 90 ni ya familia. Yaliyo chini ya hekta 2 ni kama matano katika kila sita, yana takriban asilimia 12 tu ya ardhi ya kilimo, na yanatoa karibu asilimia 35 ya chakula cha dunia. Kazi hiyo inafanywa na kaya kama ninazozieleza.

Kuhusu watoto nitasema machache. Mtoto kumfuata mama shambani baada ya masomo na kujifunza kutofautisha gugu na mche ni malezi. Kumnyima shule, kumpa pampu ya kunyunyizia sumu au mzigo unaomzidi ni jambo jingine, na uhaba wa nguvukazi hauhalalishi hilo.

Na kuna swali ambalo familia huliahirisha mpaka linaumiza: shamba litakuwa la nani. Likigawanywa kwa watoto wote, kila mmoja anapata kipande kisichotosha kumlisha. Likiachwa kwa mmoja, wengine wanahisi wametupwa. Na mjane ambaye jina lake haliko popote anaweza kuondolewa katika ardhi aliyoilima maisha yake yote. Nikipanga msimu na wazee, siku hizi naomba tulizungumze hilo pia, watoto wote wakiwepo, mipaka ipitiwe kwa miguu, majina ya mume na mke yaandikwe kwenye hati, na nakala ihifadhiwe nje ya nyumba ile.