Kukata springi hakulifanyi gari lishike barabara

Ujumbe huu umezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwa miaka: kata mzunguko mmoja wa springi, gari lako la saluni litakaa chini na kushika barabara kwenye kona. Si kweli.

Ni kweli kwamba gari likiwa chini halilali sana upande linapokata kona. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, maana springi iliyokatwa huwa ngumu, na dereva huuhisi ule ugumu kama ushikaji. Lakini shokapu, ile inayotuliza mdundo wa springi, imebaki ileile, iliyotengenezwa kwa springi nzima. Kwenye barabara mbovu tairi hurukaruka, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Baya zaidi, ncha ya springi iliyoundwa ikae vizuri kwenye kikombe chake imeondolewa. Gurudumu likining'inia, springi inaweza kuhama mahali pake.

Gari lisiposhika barabara, kagua kwanza shokapu mwenyewe. Kandamiza kona ya gari kwa mikono miwili, kisha achia. Likipanda na kutulia, ni dalili njema. Likiendelea kudunda, shokapu imechoka. Chungulia pia mwili wa shokapu: mafuta yaliyoshika vumbi ni ishara ya kuvuja. Usisahau bushi, yaani mipira ya viungo vya chini ya gari, na upepo wa tairi.

Anayetaka gari chini anunue springi fupi na shokapu zinazoendana nazo, kisha apime alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu.

Ukiupokea tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleweshe aliyeutuma kwa upole, kwani kwenye grupu hilo kuna mtu atakayempelekea fundi gari lake kesho asubuhi, na fundi atawasha grinda.