Damu Ndani ya Kompyuta: Yanayosemwa na Yaliyopo

"Nyekundu ni damu safi, bluu ni chafu." Wazazi wengi huamini hivyo wakitazama kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) cha mtoto mwenye kasoro ya moyo ya kuzaliwa. Sivyo. Nyekundu ni damu inayokuja kuelekea kifaa kilichowekwa kifuani, bluu ni inayokipa mgongo. Kifaa kikigeuzwa, rangi nazo hugeuka. Picha za modeli ya kompyuta, inayoiga mwendo wa damu mishipani, ni jambo jingine: rangi zake huonyesha kasi au presha, na damu hiyo haikupigwa picha, imekokotolewa.

"Basi kompyuta inakisia tu." Inakokotoa. Huchukua umbo la mishipa ya mgonjwa mwenyewe kutoka picha za MRI au CT, hulikata vipande vidogo sana, kisha kila kipande hupigiwa hesabu zilezile za maji bombani na upepo kwenye bawa la ndege.

"Ni michoro ya kupendeza, haimfikii mpasuaji." Huu ndio uongo unaoniudhi. Mtoto akizaliwa na ventrikali (chumba cha moyo kinachosukuma damu) moja tu inayofanya kazi, hufanyiwa upasuaji wa Fontan, uliofanywa mara ya kwanza Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1968. Siku hizi damu inayorudi kutoka mwilini huunganishwa moja kwa moja na mishipa ya mapafu, bila pampu ya kuisukuma. Kwa hiyo kila tone la nguvu lina thamani. Damu ya kichwani na ya miguuni zikikutana uso kwa uso, zinagongana na nguvu inapotea. Mwaka 1996 mpasuaji Marc de Leval na wahandisi wa Italia walionyesha kwa kompyuta kwamba umbo la maungio hayo linaweza kuokoa nguvu; njia moja ni kuipishanisha kidogo mishipa inayoleta damu hizo mbili. Kidogo, lakini! Ikizidi, pafu moja laweza kukosa damu itokayo kwenye ini, ambayo hupanda pamoja na ya miguuni. Pafu likiikosa, mishipa yake huota njia za mkato, na damu hupita bila kuchukua oksijeni.

"Modeli ikishasema, yamekwisha." Hapana. Bomba la kupeleka damu ya miguuni mapafuni, lenye matawi mawili mfano wa panda ya manati, liligawa damu ya ini vizuri kwenye skrini; kwa wagonjwa halikufaulu sawasawa kwa kila mmoja.

"Programu zake ni za matajiri." SimVascular ni ya bure. Ghali ni kipimo cha MRI, na mtu wa kukaa akifuatisha kingo za mshipa wa mtoto, picha baada ya picha.