Shamba la Malisho ya Wanyamapori: Maana Yake, Upandaji na Utunzaji

Shamba la malisho ya wanyamapori ni kipande cha ardhi kilicholimwa na kupandwa mimea ambayo mwenye ardhi hakusudii kuivuna, bali anaiacha shambani ili wanyama wa porini waile papo hapo ilipoota. Ukilitazama kwa mbali halitofautiani na shamba lingine lolote: udongo hutayarishwa, mbolea hutiwa, mbegu hupandwa kwa msimu wake na magugu hudhibitiwa. Tofauti iko kwa mlaji. Mlaji huyu hafugwi wala hazuiwi na uzio. Huja akitaka na kuondoka akishiba, na mwenye shamba hupima mafanikio yake kwa hali ya wanyama na ya uoto, si kwa idadi ya magunia.

Utaratibu huu umeenea zaidi nchini Marekani, na sababu yake inaeleweka ukitazama jinsi umiliki ulivyo huko. Sehemu kubwa ya ardhi ya vijijini, hasa katika majimbo ya mashariki, ni mali ya watu binafsi, lakini kulungu wenye mkia mweupe, bata mzinga wa porini na kware wanaopita juu ya ardhi hiyo si mali ya mtu. Husimamiwa na serikali ya jimbo kwa niaba ya umma, na ndege wanaohama kati ya nchi na nchi hulindwa pia na sheria ya shirikisho ya mwaka 1918. Mwenye ardhi hana mamlaka juu ya mnyama, ila ana mamlaka juu ya kile kinachoota mahali mnyama anapopita. Wengi wa wanaolima mashamba haya ni wawindaji, na jambo hilo halina haja ya kufichwa, kwa kuwa ndilo linalofanya sheria ziwe sehemu ya maana yenyewe ya dhana hii.

Shamba la malisho si sawa na chambo. Kumwaga mahindi katika rundo moja huwakusanya wanyama wengi mahali padogo, pua kwa pua, na hapo magonjwa huenea kwa urahisi. Hofu kubwa zaidi ni ugonjwa sugu wa kudhoofika unaowapata kulungu na jamaa zao, ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Ugonjwa huo husababishwa na prioni, yaani protini zilizoharibika umbo, ambazo hutoka mwilini kwa mate, mkojo na kinyesi na zinaweza kubaki katika udongo kwa miaka. Hauna tiba wala chanjo. Aidha, nafaka iliyorundikwa ikalowa huota kuvu inayotoa sumukuvu, ambayo ni hatari kwa ndege kama kware na bata mzinga. Kwa sababu hizo majimbo mengi yamepiga marufuku au kuwekea mipaka chambo, ilhali mimea iliyopandwa na kuachwa ikiwa imesimama kwa kawaida huruhusiwa. Hata hivyo mpaka huo una kona zake: kwa njiwa, sheria ya shirikisho inaruhusu kuwinda juu ya zao lililofyekwa shambani, lakini kwa bata na mabata bukini zao likishafyekwa kabla ya kuvunwa huhesabiwa kuwa chambo. Mtu asiyeijua tofauti hiyo anaweza kulima kihalali na kuwinda kinyume cha sheria katika shamba lile lile.

Kinachotafutwa hasa ni kuziba pengo la chakula. Msitu na vichaka hutoa majani mengi wakati wa kuchipua, lakini kuna vipindi viwili vya upungufu: mwisho wa majira ya joto, wakati majani yamekomaa na kuwa magumu, na mwisho wa majira ya baridi, wakati mbegu za mialoni zimekwisha na chipukizi mpya bado. Kipindi cha kwanza huwakuta majike wakinyonyesha na madume wakikuza pembe, na wataalamu wengi hukadiria kuwa wakati huo kulungu huhitaji chakula chenye protini ya takriban asilimia 16. Kipindi cha pili ni cha kuhifadhi mwili tu, na hapo nishati ndiyo muhimu. Kwa hiyo swali la kwanza halipaswi kuwa ni mbegu gani inunuliwe. Swali ni mnyama gani anakosa nini, na katika mwezi gani.

Kwa ndege mambo ni tofauti kidogo. Vifaranga vya bata mzinga na kware, katika wiki zao za kwanza, huishi zaidi kwa wadudu, si kwa mbegu. Shamba la klova, mmea mfupi wa malisho wa jamii ya kunde, lenye uwazi kati ya mashina, ambamo kifaranga anaweza kutembea akiwa amefunikwa na majani juu, humfaa kuliko nyasi nene zinazomzuia kupita.

Kuhusu mahali na ukubwa, maelezo hayahitaji kuwa marefu. Shamba refu na jembamba, lenye kingo zilizopinda na lililo karibu na vichaka vya kujifichia, hutumiwa zaidi kuliko uwanja mpana ulio wazi, kwa kuwa mnyama hapendi kuwa mbali na maficho. Kiasi kinachopendekezwa mara nyingi ni kati ya asilimia 1 na 5 ya eneo lote. Kipande kidogo mno, hasa chini ya robo ya ekari, huliwa chote kabla mimea haijashika mizizi, isipokuwa pale ambapo kulungu ni wachache.

Udongo ndio unaostahili uangalifu mkubwa zaidi, na ndiko watu wengi wanakopoteza fedha zao. Mifuko ya mbegu huuzwa ikiwa na picha za pembe kubwa, lakini mbegu bora kabisa haitafanikiwa katika udongo wenye tindikali nyingi. Mashamba haya mara nyingi huwekwa kwenye ardhi iliyobaki baada ya kilimo cha kawaida, yaani pembeni mwa msitu au mahali palipokatwa miti, na udongo wa namna hiyo huwa na tindikali. Klova na mimea mingi ya malisho hustawi kwenye pH, yaani kipimo cha tindikali, ya kati ya 6.0 na 7.0. Kwa kuwa tindikali huzidi mara kumi kwa kila hatua moja ambayo kipimo hicho kinashuka, udongo wenye pH ya 5 una tindikali mara kumi ya ule wenye pH ya 6. Katika hali hiyo fosforasi hushikwa na udongo isiweze kufyonzwa, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, na bakteria wanaoishi katika mizizi ya mikunde hushindwa kufanya kazi. Anayemwaga mbolea bila kusahihisha tindikali anailipia mbolea ambayo sehemu yake kubwa mmea hautaipata.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, na kiasi chake hakikisiwi. Huchukuliwa sampuli kutoka sehemu mbalimbali za shamba, kwa kina cha sentimita 15 hivi, zikachanganywa na kupelekwa maabara, ambayo hueleza chokaa inayohitajika pamoja na fosforasi na potasiamu. Udongo wa mfinyanzi huhitaji chokaa nyingi kuliko wa kichanga hata kama pH yao ni moja. Chokaa husafiri polepole sana ardhini, hivyo yafaa ichanganywe na udongo kwa plau au haro, na itiwe miezi kadhaa kabla ya kupanda, ikiwezekana sita.

Katika upandaji, kosa la kawaida ni kufukia mbegu ndogo kupita kiasi. Mbegu ya klova haipaswi kwenda chini zaidi ya milimita 6, na mara nyingi inatosha kuimwaga juu ya udongo uliolainishwa na kushindiliwa, kisha kupitisha rola au kusubiri mvua. Ngano huvumilia kina cha sentimita 2.5 au zaidi kidogo. Mbegu za mikunde huhitaji pia kupakwa bakteria wa rizobia wa aina inayolingana nazo, kwa kuwa ndio wanaoisaidia mimea hiyo kupata naitrojeni kutoka hewani. Bakteria wa kunde hawaifai klova.

Mimea yenyewe hugawanyika katika ile ya msimu mmoja na ile ya kudumu. Kunde na soya hutoa protini nyingi wakati wa joto, ila kulungu huzipenda mno kiasi kwamba katika shamba dogo humalizwa zikiwa changa. Ngano ya majira ya baridi huota haraka na husamehe makosa mengi ya mkulima, hivyo humfaa anayeanza. Figili na mimea mingine ya jamii ya kabichi huongezeka sukari majani yake yanapopigwa na sakitu, na hapo wanyama waliokuwa wakiipita huanza kuila. Haifai kurudiwa mahali pamoja mwaka hadi mwaka kwa sababu ya magonjwa ya udongoni. Klova nyeupe hudumu miaka 3 hadi 5 ikitunzwa vizuri, na ikichanganywa na chikori, yenye mzizi mrefu unaostahimili ukame, shamba huendelea kuwa na majani hata mvua ikikatika.

Utunzaji wa shamba la kudumu ni vita na nyasi zaidi ya kitu kingine chochote. Klova haitiwi mbolea ya naitrojeni, kwa kuwa inajitengenezea, na ikiongezwa hunufaisha magugu. Kufyeka kwa urefu wa sentimita 15 hadi 20 hukata vichwa vya magugu ya majani mapana kabla hayajatoa mbegu, na viuagugu vinavyochagua nyasi pekee hutumika kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye chombo. Wakati wa kufyeka una uzito wake. Katika sehemu kubwa ya Marekani watoto wa kulungu huzaliwa mwezi wa Mei na Juni, na katika siku zao za kwanza mtoto hulala tuli hata mashine ikimkaribia badala ya kukimbia. Bata mzinga nao huatamia chini kwenye majani katika majira hayo hayo. Kufyeka kipindi hicho kwa ajili ya usafi wa macho ni kuwaua wale wale ambao shamba lilipandwa kwa ajili yao.

Chombo kimoja rahisi kinafaa kiwemo katika kila shamba: kizimba cha wavu wa waya, chenye upana wa mita moja hivi, kinachozuia wanyama kufika kwenye mimea ya ndani. Bila kizimba hicho, shamba lililoliwa na shamba lililoshindwa kuota huonekana sawa. Tofauti ya urefu kati ya mimea ya ndani na ya nje ndiyo inayoonyesha kiasi kinacholiwa.

Kizimba huonyesha pia kikomo cha mbinu hii. Hata pale penye mashamba mazuri, sehemu kubwa ya chakula cha kulungu hutoka kwenye mimea ya asili: vichaka, magugu ya majani mapana, machipukizi na matunda ya miti. Kupunguza miti iliyosongamana ili mwanga ufike chini, au kuchoma moto uliopangwa na kusimamiwa na wenye ujuzi, kunaweza kuzalisha malisho juu ya eneo kubwa ambalo hakuna trekta lingelilima. Na mimea ya ndani ya kizimba ikifika magotini ilhali ya nje imenyolewa hadi ardhini, na vichaka vya msitu jirani navyo vimekatwa hadi pale mdomo wa kulungu unapofika, basi tatizo ni wingi wa kulungu kuliko uwezo wa ardhi. Hapo kinachohitajika ni kupunguza idadi yao kwa uwindaji halali, hasa wa majike, kabla ya kuongeza hata robo ekari nyingine ya klova.